Kesi ni ya Jamhuri, Kidonda ni Chako

Mwaka 2009 mjomba wangu alikatwa panga mkononi. Ng'ombe wa jirani waliingia katika shamba lake la mahindi, naye akaenda kuwafukuza. Maneno yakawa mengi. Mwenye ng'ombe akainua panga. Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikunji mpaka leo. Msimu ule mjomba hakushika jembe. Aliuza mbuzi wanne kwa ajili ya nauli, dawa na kuwalipa vibarua wa kumvunia yale mahindi machache yaliyobaki.

Aliyemkata alishitakiwa, akafungwa miaka 2. Mjomba alizipata habari hizo gulioni, tena kutoka kwa muuza vitumbua, siku tatu baada ya hukumu kusomwa. Hakuna aliyemwambia tarehe. Nilipomwuliza, "Mjomba, na wewe ulilipwa nini?" alicheka tu.

"Mpwa wangu, nilipwe na nani? Ile kesi haikuwa yangu. Ilikuwa ya Jamhuri."

Hapo mjomba alisema kweli nusu. Kesi ilikuwa ya Jamhuri. Lakini kudai kulipwa ilikuwa haki yake, na haki hiyo imo katika sheria zetu za Tanzania. Haikuombwa na mtu, basi haikutolewa. Leo tutazame mambo haya, maana wengi wetu tunajua haki za mshitakiwa kuliko haki za aliyeumizwa.

KWA NINI KESI NI YA JAMHURI?

Zamani, katika makabila yetu mengi, mtu aliyemwumiza mwenzake aliitwa mbele ya wazee. Wazee walisikiliza, kisha wakaamua alipe mbuzi au ng'ombe. Mali ile ilikwenda kwa aliyeumizwa au kwa ukoo wake. Utaratibu huo ulikuwa na ubaya wake pia. Akiumizwa mwanamke, ng'ombe walikwenda kwa baba au kaka, yeye mwenyewe akabaki na maumivu. Tusiusifu kupita kiasi.

Dola ilipokuja na mahakama zake, jambo lilibadilika. Kanuni ya Adhabu, ambayo ndiyo sheria kuu ya makosa ya jinai Tanzania Bara, ilianza kutumika mwaka 1945 wakati wa Waingereza. Ndani ya sheria ya namna hii, anayemkata mwenzake panga amevunja amani ya watu wote. Kwa hiyo anayeshitaki ni dola. Ndiyo maana mahakamani unasikia "Jamhuri dhidi ya fulani". Aliyekatwa anaitwa shahidi.

Kuna faida hapo. Huhitaji kumlipa wakili ili mwizi wako ashitakiwe, kwa kuwa mwendesha mashtaka analipwa na Serikali. Tena tajiri aliyekuumiza hawezi kukununua ukanyamaza, kesi ikafa hivi hivi. Hasara yake ni kwamba mtu akitozwa faini, fedha zinakwenda Serikalini. Akifungwa, anakula chakula cha Serikali. Wewe uliyeuza mbuzi unarudi nyumbani na nauli ya kukopa.

Dunia iliona kasoro hiyo. Mwaka 1963 nchi ya New Zealand ilitunga sheria ya kuwalipa fidia watu walioumizwa na wahalifu, fedha zikitoka Serikalini. Halafu tarehe 29 Novemba 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio juu ya haki za waathirika wa uhalifu. Azimio linataka mtu aliyetendewa uhalifu aheshimiwe, aelezwe kesi yake imefika wapi, asikilizwe, alindwe asitishwe, asaidiwe kupata matibabu, na alipwe na yule aliyemwumiza.

Na sisi tunalo neno letu. Mwaka 2000 Katiba yetu iliongezwa Ibara ya 107A. Inazitaka mahakama, pamoja na mambo mengine, zitoe fidia ipasavyo kwa watu wanaoathirika kwa makosa ya wengine, kwa kufuata sheria iliyotungwa na Bunge.

MAMBO HUANZIA KITUONI

Fidia yako haianzi siku ya hukumu. Inaanza siku ile ile ulipoumizwa.

Nenda kituo cha polisi mapema. Taarifa yako ikiandikwa utapewa namba, ile watu wanayoiita RB. Itunze namba hiyo kama unavyotunza mbegu. Kila utakaporudi kuuliza habari za jalada lako, namba hiyo ndiyo itakayokutambulisha.

Ukiwa na jeraha, omba fomu ya PF3. Fomu hiyo hutolewa bure. Unaipeleka hospitali au zahanati, daktari anaandika alichokiona, kisha inarudishwa polisi. Kesi ikifika mahakamani, fomu hiyo ndiyo inayosema kwamba uliumizwa kweli na kwa kiasi gani. Kama damu inatoka sana, mgonjwa awahishwe hospitali na ndugu mmoja aende kituoni kuchukua fomu. Usimwache mtu afe kwenye benchi kwa ajili ya karatasi.

Polisi atachukua maelezo yako. Akimaliza, akusomee. Wewe sasa unajua kusoma, basi soma mwenyewe! Kama ulisema mtu mmoja alikukata na karatasi inasema wawili, sahihisha kabla ya kutia sahihi. Wakili wa mshitakiwa hutafuta tofauti kama hizo, akuulize mbele ya hakimu, "Siku ile ulisema hivi, leo unasema vile. Lipi la kweli?"

Yako makosa mengine ambayo watu huona haya kuyataja, lakini gazeti lisipoyataja nani atayataja? Mwanamke au mtoto akibakwa, asioge wala asifue nguo alizovaa. Nguo zitiwe katika mfuko wa karatasi, maana mfuko wa plastiki huzivundisha. Aende hospitali haraka, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianza kabla ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Katika vituo vingi vya polisi siku hizi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo unaweza kueleza habari zako kwa faragha badala ya kuzisema kaunta, watu wote wakisikiliza.

Mahakamani pia, ushahidi wa makosa ya namna hiyo husikilizwa faraghani, watazamaji wakiwa nje, na magazeti hayaruhusiwi kuutangaza. Na msidanganywe eti pasipo mtu mwingine aliyeona hakuna kesi. Mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

MBUZI WA KUFUNIKA MAMBO

Hapa nitasema wazi, ingawa wengine watanikasirikia. Vijijini bado tunayo tabia ya kuyamaliza nyumbani mambo makubwa. Binti amebakwa, wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mwembe, wanakula ugali, mbuzi au fedha zinatolewa, na kesi imekwisha. Binti hakuulizwa. Pengine fedha zenyewe hakuziona.

Kupokea mali ili kuficha kosa kubwa la jinai ni kosa pia. Wale wazee wanaweza kujikuta nao wanaulizwa maswali. Mabaraza yetu ya kata na ofisi ya kijiji hayana uwezo wa kuhukumu ubakaji, mauaji wala unyang'anyi.

Upatanisho halali upo, lakini ni kwa makosa madogo. Kwa mfano, majirani wawili wamepigana makofi kilabuni. Sheria inamruhusu hakimu kuwapatanisha kama wote wanakubali, mkosaji akamlipa mwenzake fidia na shauri likaishia hapo. Tazama tofauti: hapo hakimu anajua, aliyepigwa amekubali mwenyewe, na malipo yanaandikwa.

MBONA NIMEMWONA SOKONI?

Jambo linalowaudhi wengi ni dhamana. Umeripoti Jumatatu, Ijumaa unamwona aliyekupiga ananunua samaki. Unasema, "Polisi wamekula rushwa." Pengine ni kweli, pengine si kweli. Mtuhumiwa hajahukumiwa, na kwa makosa mengi sheria inampa dhamana mpaka kesi iishe. Makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana.

Lakini dhamana haimpi ruhusa ya kukutisha. Akikufuata, akikutumia watu, akisema "futa kesi ama utaona", mara moja mwambie mpelelezi au mwendesha mashtaka. Mahakama inaweza kumfutia dhamana au kumwekea masharti zaidi. Tangu mwaka 2015 ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi.

Vile vile tofautisha kuachiwa na kushinda. Wakati mwingine Mkurugenzi wa Mashtaka huondoa kesi kabla haijaisha. Mshitakiwa anatoka huku anacheka. Mara nyingi kuondolewa kwa namna hiyo hakuzuii ashitakiwe tena ushahidi ukipatikana. Kwa hiyo usikate tamaa papo hapo. Nenda ofisi ya mashtaka ya wilaya, uulize kesi imeondolewa kwa sababu gani.

SIKU YA KUTOA USHAHIDI

Hapa ndipo mjomba alipokosea, na hakuna aliyemwonya. Aliitwa kizimbani, akaulizwa nani alimkata, wapi, saa ngapi. Akajibu vizuri, akashuka. Habari za mbuzi wanne hakuzitaja. Habari za msimu uliopotea hakuzitaja. Hakuulizwa, naye akaona si adabu kusema asiloulizwa.

Sasa sikiliza sheria inavyosema. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa hakimu uwezo wa kuamuru mkosaji amlipe fidia mtu aliyepata hasara au kuumia kwa sababu ya kosa lile. Fidia inaweza kuwa fedha, inaweza pia kuwa kitu, kama mfugo au mali nyingine. Inatolewa juu ya kifungo au adhabu nyingine, na Kanuni ya Adhabu inaruhusu hata itolewe mahali pa adhabu nyingine. Lakini hasara hiyo ionekane katika ushahidi! Hakimu hawezi kuiota. Kama haikuandikwa katika kumbukumbu za kesi, kwake haipo.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya ushahidi, mtafute mwendesha mashtaka. Mwambie: "Ndugu mwendesha mashtaka, nimepata hasara hii na hii, naomba uniulize juu yake." Mpe risiti za dawa, tiketi za basi, na karatasi ya hospitali inayoonyesha siku ulizolazwa. Kama huna risiti, mlete yule uliyemwuzia mbuzi. Hesabu siku ambazo hukufanya kazi. Mwenye genge ahesabu siku alizofunga genge. Fundi aseme kazi alizokosa. Andika yote katika daftari tangu siku ya kwanza, pamoja na tarehe. Daftari la shilingi chache limeokoa watu wengi.

Na usizidishe. Ukisema umeuza mbuzi ishirini na kijiji kizima kinajua ulikuwa nao sita, hakimu atautilia shaka hata ushahidi wako wa panga.

DAKIKA CHACHE ZA MAANA

Msomaji, kama utasahau mengine yote, hili lishike. Hakimu anasoma hukumu na kusema, "Mahakama inakutia hatiani." Watu wanapumua, wengine wanaanza kutoka nje. Lakini adhabu bado haijatolewa. Hapo hakimu anaugeukia upande wa Jamhuri na kuuliza kama wana la kusema. Mara nyingi jibu ni fupi: hatuna kumbukumbu za makosa ya nyuma. Kisha mkosaji anajitetea. Atasema ana mke, ana watoto wadogo, ana mama mgonjwa. Analia. Anasikilizwa, na ni haki yake.

Je, wewe uko wapi? Uko shambani, kwa sababu hukujua tarehe.

Hizo ndizo dakika za kuomba fidia. Mwendesha mashtaka anaweza kusimama na kusema: "Mheshimiwa, Jamhuri inaomba mkosaji amlipe mlalamikaji hasara aliyoieleza katika ushahidi wake." Hakimu anaruhusiwa kupokea maelezo ya kumsaidia kupanga adhabu, hata kutoka kwa aliyeumizwa. Kwa hiyo muombe mwendesha mashtaka mapema, na siku ya hukumu uwepo. Kila kesi inapoahirishwa, muulize karani tarehe inayofuata, uiandike. Kama umeitwa kuwa shahidi na unatoka mbali, uliza pia habari ya gharama zako, maana sheria inaruhusu mahakama iamuru shahidi alipwe gharama za haki.

Kwa ubakaji sheria imekwenda mbele zaidi. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mtu mzima anayehukumiwa kwa ubakaji hufungwa si chini ya miaka 30, na juu ya hayo mahakama imwamuru amlipe fidia yule aliyebakwa. Hapo neno si "inaweza". Mimi naona hata kwa aliyekatwa panga ingefaa kuwa hivyo hivyo. Kwa nini mtu apoteze vidole viwili halafu malipo yake yategemee kama mwendesha mashtaka alikumbuka au hakukumbuka?

Kuna neno moja zaidi. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu mshitakiwa na mwendesha mashtaka wapatane, mshitakiwa akakiri kosa na adhabu ikapunguzwa. Sheria inamtaka mwendesha mashtaka, inapowezekana, ashauriane kwanza na aliyetendewa kosa. Ukisikia mapatano yanafanyika, nenda. Huo ni wakati mzuri wa kuzungumza fidia, maana mkosaji anataka mambo yaishe.

BAISKELI ILIYOOTA KUTU

Mali iliyoibwa ikikamatwa inakuwa kielelezo. Nimewahi kuona baiskeli ya mama mmoja ikikaa nyuma ya kituo kimoja mpaka ikaota kutu, kesi ilipokwisha hakuna aliyeidai. Hakimu anapotoa hukumu, ana uwezo wa kuamuru mali irudishwe kwa mwenyewe. Muombe mwendesha mashtaka alikumbushe hilo. Kisha chukua nakala ya amri uende nayo kituoni. Na kama kuna mtu aliinunua mali ile pasipo kujua ni ya wizi, naye akanyang'anywa, mahakama inaweza kuamuru mwizi amfidie huyo pia.

BAADA YA HUKUMU

Kesi ikisikilizwa Mahakama ya Mwanzo na mshitakiwa akaachiwa kwa kukosa hatia, mlalamikaji mwenyewe anaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya katika siku 30. Wengi hawalijui hili. Kwa mahakama za juu ya hapo, rufaa ya upande wa mashtaka hukatwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, na wewe unapeleka malalamiko yako ofisini kwake.

Mkosaji akikata rufaa, malipo ya fidia husubiri. Akiwa hana kitu, fidia inabaki karatasini. Ukweli ndio huo, nami sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa sheria yetu mlipaji ni mkosaji. Lakini mwenye ng'ombe arobaini hana sababu ya kusema hana kitu.

Njia nyingine ni kumfungulia mkosaji kesi ya madai. Hapo kesi ni yako mwenyewe, na unadai hasara na maumivu. Kwa madhara ya kuumizwa, muda wa kufungua ni miaka 3. Kama ulikwisha kulipwa fidia katika kesi ya jinai, mahakama itaihesabu.

Haya yote yanahitaji mtu wa kukuongoza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wengi wao wako wilayani na katika kata. Hawawezi kukusimamia mahakamani kama wakili, lakini wanaeleza, wanaandika barua, na wanajua mlango wa kugonga. Hawapaswi kukutoza fedha. Mwuulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako anapopatikana msaidizi. Lugha nayo si ukuta tena kama zamani, kwani mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Wenzetu wa Kenya wamepiga hatua nyingine. Katiba yao ya 2010 iliagiza itungwe sheria ya waathirika, nayo ikatungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama yao ya Juu ilisema aliyetendewa uhalifu anaweza kushiriki katika kesi, hata kwa wakili wake, ingawa hawezi kugeuka mwendesha mashtaka wa pili. Anatoa maoni na wasiwasi wake, na mahakama inasikiliza. Wabunge wetu wanaosoma gazeti hili wangeweza kuitazama sheria hiyo. Angalau kuandikwe kwamba aliyeumizwa lazima aarifiwe tarehe ya hukumu. Ujumbe wa simu moja haugharimu kitu kikubwa.

Nilimsomea mjomba haya niliyoyaandika kabla ya kuyaleta gazetini. Alisikiliza kimya, akikunja vidole vile vinavyokunjika. Yule aliyemkata alikwisha kutoka gerezani siku nyingi, wanakutana kisimani na husalimiana. Nilipofika pale pa kesi ya madai, aliniuliza kama na yeye bado anaweza kwenda. Nikamwambia miaka 3 ilikwisha mwaka 2012. Akasema nisome tena ile sehemu ya daftari, polepole, ili mkewe aliyekuwa jikoni naye asikie.